Gari la Marehemu Linauzwa: Morris ya Mwaka 1964 na Haki za Warithi Mjini Bariadi

Kwa muda wa miezi mitatu sasa gari dogo la rangi ya kijivu limekuwa likiuzwa mjini Bariadi, na waliokuja kulitazama ni wengi kuliko waliokuja kulinunua. Ni Morris Minor 1000 ya milango minne, iliyoundwa Uingereza mwaka 1964, yenye injini ya sentimita za ujazo 1098, na rangi yake ya kiwandani ingali juu ya sehemu kubwa ya bodi. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa nguo na vifaa vya shamba, na alifariki dunia mwaka jana. Alimwacha mjane, watoto wa kiume wawili, watoto wa kike watatu, nyumba, duka na gari hilo. Familia iliiomba kamati ya msikiti wetu isaidie katika ugawaji wa mirathi, na kwa kuwa kalamu ya kamati imo mikononi mwetu, mengi ya yaliyosemwa yalipita mbele yetu. Tumeruhusiwa kuyaandika kwa sharti kwamba majina yasitajwe.

Nyumba na duka havikuleta taabu kubwa. Gari ndilo lililozua maneno.

Ni vyema kwanza msomaji kijana, aliyezaliwa katika zama za magari ya Kijapani, alielewe gari lenyewe. Jina la Morris limetokana na William Morris, kijana wa mjini Oxford aliyeanza kwa kutengeneza baiskeli na kuishia kuwa bwana wa viwanda aliyepewa cheo cha Lord Nuffield. Lakini aliyeichora Minor hakuwa yeye. Alikuwa mhandisi Alec Issigonis, aliyezaliwa mwaka 1906 katika mji wa Izmir, ulipokuwa ungali chini ya Dola ya Uthmaniya. Inasimuliwa kwamba gari la mfano lilipokwisha kuundwa, Issigonis aliliona jembamba mno. Akaamuru likatwe katikati kwa urefu, pande mbili zitenganishwe kwa inchi nne, kisha liungwe upya. Mwenye kiwanda hakulipenda kabisa, akalifananisha na yai lililopikwa majini bila ganda. Likazinduliwa hata hivyo mwaka 1948, na kufikia Desemba 1960 likawa gari la kwanza la Kiingereza kuundwa kwa idadi ya milioni moja. Uundaji wake ulikoma mwaka 1971.

Magari ya Kiingereza ya umri huo yalikuwa na heshima yake katika nchi zetu. Katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, limehifadhiwa Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, Ford Cortina ilishinda mwaka 1964 ikiendeshwa na Peter Hughes, na mwaka 1972 Ford Escort ilimpa ushindi Hannu Mikkola wa Finland, dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuutwaa. Morris Minor haikuwa ya marais wala ya mashindano. Ilikuwa gari la mwalimu mkuu, la karani mwandamizi, la daktari, la mwenye duka aliyekwisha kuvuka hatua ya baiskeli.

Marehemu alilinunua Mwanza mwaka 1969, kwa meneja mmoja wa kiwanda cha kuchambua pamba aliyekuwa akirejea kwao. Miaka hiyo pamba ndiyo iliyokuwa ikizungusha fedha katika Usukuma wote. Chama kikuu cha ushirika cha Kanda ya Ziwa, kilichoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, kilikuwa kimekwisha kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na mkulima aliyeuza pamba yake alikuja dukani kununua kanga, jembe na sufuria. Mkoa wa Simiyu haukuwapo. Umeanzishwa mwaka 2012, na Bariadi ndipo ikawa makao makuu ya mkoa. Lami ya kutoka Lamadi haikuwapo pia. Kulikuwa na changarawe, na mahali pengine palikuwa na ile ardhi nyeusi ya mbuga ambayo wakati wa masika hunata kwenye matairi kama ugali mbichi. Wanaomkumbuka marehemu wanasema hakulitoa gari lake kuanzia mvua ya kwanza hadi njia zikauke. Tunaamini hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya gari hili kuwa hai.

Sababu ya pili ni mahali. Gari la umri huu likikaa Tanga au Unguja, chumvi ya bahari hulila kimyakimya hata likiwa limesimama. Bariadi ina vumbi, ina mchwa, ina panya waliokwisha kutafuna kiti cha nyuma upande mmoja, lakini haina chumvi.

Sababu ya tatu ni dhiki yenyewe, ingawa yaweza kuonekana ajabu. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nchi ilikosa fedha za kigeni. Mafuta yakawa ya mgawo, matairi yakawa ya kubahatisha, na magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Wengi waliuza magari yao vipande vipande: dinamo kwa huyu, giaboksi kwa yule. Marehemu alilipandisha lake juu ya magogo manne chini ya kibanda cha mabati, akafungua betri, akajaza oili ndani ya silinda, akalifunika kwa maturubai ya pamba. Lilikaa hivyo kwa miaka mingi. Lilipoteremshwa, magari ya Kijapani yalikuwa yamekwisha kuijaza nchi, na tangu hapo lilitembea siku za Ijumaa na za Idi tu.

Sasa tuje kwenye uuzaji. Wa kwanza kufika alikuwa dalali kutoka Mwanza. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga picha, akasema ana mteja wa milioni kumi na nne, ila kuna kazi ndogo ya kufanya: sehemu za chini ya milango zijazwe pati, zipulizwe rangi, mazulia mapya yatandikwe, na maswali yasiwe mengi. Mtoto wa kiume mkubwa alikubali papo hapo. Mjane, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, aliuliza swali moja tu: "Na huko chini ya mazulia kuna nini?"

Hakuna aliyejua. Akaitwa fundi, mzee wa makamo aliyejifunza kazi kwa mafundi wa Kihindi, akakaa chini ya gari kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Aliyoyaona tunayaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu anaweza kuwapo msomaji mwingine ambaye babu yake naye ameacha gari la aina hii uani.

Morris Minor haina chesisi ya kujitegemea kama lori au Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Kwa hiyo kutu iliyo chini ya milango au chini ya miguu ya dereva si doa la sura. Ni sawa na nguzo ya nyumba iliyoliwa. Fundi alinyanyua zulia upande wa dereva akakuta tundu linalopitisha vidole vitatu. Upande wa pili palikuwa pazima. Kisha akatazama viungo vya magurudumu ya mbele. Katika gari hili gurudumu la mbele hushikiliwa chini na kiungo chenye nyuzi kama skrubu, na kiungo hicho huishi kwa grisi. Kikikosa grisi, nyuzi huisha, na siku moja gurudumu huvunjika na kulala gari likiwa katika mwendo. Cha kulia kilikuwa kizuri. Cha kushoto kilikuwa kimelegea.

Injini ilikuwa na afya, lakini iliundwa kwa ajili ya petroli yenye risasi, na petroli hiyo ilikwisha kuondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Risasi ilikuwa ikizilinda valvu na makalio yake. Bila hiyo, gari likikimbizwa safari ndefu, makalio hayo huliwa taratibu. Dawa yake ni kufungua silinda hedi na kupachika makalio ya chuma kigumu, kazi ambayo mafundi wa mashine Mwanza wanaiweza. Umeme wake nao umepinduliwa kulinganisha na magari ya leo: upande wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Mjukuu mmoja alifunga humo redio ya kisasa bila kuuliza, na redio hiyo haikumaliza hata wimbo mmoja.

Fundi akamaliza kwa kusema maneno ambayo tuliyaandika kama alivyoyatamka: "Hili ni gari zima kuliko mengi ya umri wake, Ustadhi. Lakini anayelinunua ayajue haya kabla hajatia ufunguo."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mtoto mkubwa alisema kwamba gari kuukuu huuzwa kama lilivyo, na mnunuzi ana macho yake. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Wako wanaouza hivyo kila siku katika kila gulio la mkoa huu. Lakini kuna tofauti kati ya kunyamaza juu ya kitu ambacho mnunuzi anakiona na kutandika zulia juu ya kitu asichoweza kukiona. Mafundisho ya dini yetu kuhusu biashara yamelizungumza jambo hili waziwazi tangu sokoni Madina: aibu ya bidhaa hubainishwa, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kurudisha bidhaa na kudai fedha zake. Tulimweleza pia jambo la kidunia. Gurudumu la kushoto likilala katika mteremko, atakayekuwa ndani hatakuwa dalali.

Wengine walipendekeza kwamba jamaa wawili wa ukoo wajitokeze kama wanunuzi wa uongo ili kuipandisha bei. Hilo nalo limekatazwa na lina jina lake katika vitabu vya fiqhi, najshi, na tulilikataa bila mjadala mrefu.

Kamati ikaandika karatasi moja ya aibu za gari: tundu la kutu, kiungo cha kushoto, makalio ya valvu, kiti kilichotafunwa, taa moja ya nyuma isiyowaka. Nakala ikawekwa ndani ya gari, nyingine ikabaki kwetu. Dalali alipoisoma aliondoka. Wiki tatu baadaye akaja mnunuzi mwingine, mtu wa Mwanza mwenye magari mawili ya zamani nyumbani kwake, akaisoma karatasi yote, akalala chali chini ya gari akiwa na tochi, kisha akatoa bei ya milioni tisa na laki sita.

Tofauti ni milioni nne na laki nne. Si fedha ndogo, na hatutaki kuandika kana kwamba ilipokewa kwa tabasamu. Mtoto mkubwa hakuzungumza nasi kwa siku kadhaa. Tunamwelewa, ana ada za shule za kulipa, na pamba ya msimu uliopita haikumtendea vizuri.

Katika siku hizo ndipo madai yake ya pili yalipojitokeza, kwamba gari kwa desturi ni la mtoto wa kiume wa kwanza, na kwamba baba alizoea kumpa yeye ufunguo. Desturi za ukoo tunaziheshimu, lakini sheria ya mirathi haiangalii nani alikuwa akishika ufunguo. Zikilipwa gharama za mazishi na madeni ya marehemu, na ukitekelezwa wasia usiozidi theluthi moja, kilichobaki ni cha warithi wote, sindano na gari kwa pamoja. Marehemu hakuandika wasia wa gari. Kama angalimpa mtoto huyo gari akiwa hai na kumkabidhi, tungesema mengine.

Hesabu yenyewe, kwa familia hii, ilikuwa nyepesi kuliko tulivyotarajia. Mjane aliyefiwa na mume mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane. Zinabaki sehemu saba. Watoto wa kiume wawili wanahesabiwa sehemu mbili mbili, wa kike watatu sehemu moja moja. Jumla yao ni saba. Kwa hiyo kila sehemu ni thumuni moja kamili, na mama akawa sawa na kila binti yake. Kwa bei ya milioni tisa na laki sita, sehemu moja ni milioni moja na laki mbili. Kila mtoto wa kiume anapata milioni mbili na laki nne. Kwa bei ya dalali binti angepata milioni moja, laki saba na elfu hamsini. Mmoja wa mabinti hao analima pamba wilayani Itilima na ana watoto wanne. Tulimuuliza mbele ya wenzake kama anaidai ile laki tano na nusu iliyopotea. Akajibu, "Ningeidai kama ingekuwa yetu."

Kuna aliyetuuliza pia kama warithi wanadaiwa zaka ya gari kwa miaka yote hiyo. Hawadaiwi; chombo cha matumizi binafsi hakina zaka, hata kikikaa miaka hamsini.

Upande wa serikali nao una taratibu zake, na familia nyingi za Waislamu huziacha zikidhani kikao cha msikitini kinatosha. Hakitoshi. Kamati inaweza kuhesabu mafungu na kusuluhisha, lakini haina mamlaka ya kubadili jina kwenye kadi ya gari. Ni lazima msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, na Mahakama ya Mwanzo inalo jukumu hilo kwa mirathi ya Kiislamu. Msimamizi akishapata barua yake ndipo anaweza kutia saini mkataba wa mauzo na kwenda Mamlaka ya Mapato kuhamisha umiliki. Katika familia hii aliteuliwa mtoto wa kiume wa pili, kwa ridhaa ya wote. Gari lilikuwa bado na namba ya mfumo wa zamani, nayo ilihitaji maelezo ya ziada. Nasaha yetu kwa wenye magari kuukuu ni kwamba kadi ya gari iwekwe mahali palipo pakavu. Ya marehemu ilikutwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, nzima kabisa.

Mambo yalipofika hapo tulidhani yamekwisha. Ndipo binti mdogo, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Maswa, alipopeleka ujumbe kwamba yeye anataka kulinunua gari kwa bei ile ile ya mtu wa Mwanza.

Kaka yake alicheka, na si yeye peke yake. Lakini binti huyu ndiye aliyekuwa akishika kopo la grisi baba yake anapokuwa chini ya gari, na alijua viungo vyote vya kupaka kwa majina. Kwa kuwa thumuni moja tayari ni yake, alitakiwa kuwalipa wenzake milioni nane na laki nne. Alikuwa na milioni tatu. Zilizobaki aliomba kuzilipa kwa awamu.

Mama alitaka kumrahisishia. Alisema thumuni yake yeye anampa binti huyo bure. Hapo tulilazimika kusema jambo ambalo halikutupendeza sisi wenyewe: mzazi anapompa mtoto mmoja zawadi na kuwaacha wengine, anapanda mbegu ya chuki, na mafundisho ya Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, ni kuwatendea watoto kwa usawa katika zawadi. Mama alifikiri kwa muda. Akasema, "Basi simpi. Namkopesha. Anilipe wa mwisho." Kukopesha ni haki yake, na warithi wengine hawakupinga.

Mtu wa Mwanza aliarifiwa ukweli wote. Hakuwa amelipa chochote wala mkataba haujafungwa, kwa hiyo hakuna ahadi iliyovunjwa. Aliomba jambo moja, kwamba binti akishindwa yeye awe wa kwanza kuitwa.

Makubaliano yameandikwa na kutiwa saini na warithi wote mbele ya mashahidi wawili. Milioni tatu za kwanza zimekwisha kugawanywa miongoni mwa ndugu wanne. Awamu ya pili inalipwa kabla ya mwisho wa mwezi wa Shaabani. Asipolipa, anarudishiwa fedha zake zote bila kukatwa, na gari linauzwa Mwanza kwa milioni tisa na laki sita, pamoja na karatasi yake ya aibu. Kiungo cha gurudumu la kushoto kimekwisha kubadilishwa, na gharama yake ameitoa mtoto mkubwa.